Jinsi ya Kukusanya Sanamu Ndogo za Kauri na Kuwafahamu Waliozitengeneza

Mtu anayeanza kukusanya sanamu ndogo za kauri aghalabu huipindua sanamu kwanza ili atazame chapa iliyo chini yake. Ushauri wangu ni kinyume: chapa itazamwe mwisho, baada ya kuchunguza kauri yenyewe, umbo na rangi, kwa kuwa hakuna kilicho rahisi kughushiwa kama chapa. Panga mbili za buluu zilizopishana, ambazo kiwanda cha Meissen nchini Ujerumani kimezitumia tangu miaka ya 1720, zimeigwa na mafundi wengi. Herufi N yenye taji inapotosha zaidi, maana wauzaji huitaja kuwa ya Capodimonte, ilhali kiwanda hicho cha Napoli kilifanya kazi kuanzia 1743 hadi 1759 tu na chapa yake ilikuwa ua la yungiyungi. Herufi yenye taji ilikuja na kiwanda kilichofuata, kisha ikatumiwa na viwanda vingi ambavyo havikuwa na uhusiano wowote na cha kwanza.

Kwa hiyo anza kwa kuchagua kiwanda kimoja, au hata fundi mmoja, ujifunze historia yake kabla ya kutoa fedha. Wengi huanzia Meissen, na wana sababu. Johann Friedrich Böttger, aliyewekwa kizuizini na August, mtawala wa Saxony, kwa kuwa alidai anaweza kutengeneza dhahabu, alishirikiana na mwanazuoni Ehrenfried Walther von Tschirnhaus hadi siri ya kauri ngumu ikapatikana, na mwaka 1710 kiwanda kikafunguliwa. Johann Joachim Kändler alijiunga nacho mwaka 1731, akaunda wachekeshaji wa jukwaani, ndege na bendi mashuhuri ya nyani. Sanamu za namna hiyo zilichukua nafasi ya mapambo ya sukari katika karamu za wakuu, ndiyo maana sanamu nzuri ya wakati huo hupendeza kutoka kila upande. Ukiona mgongo uliofanywa kwa uzembe, uliza zaidi. Kule Nymphenburg, kiwanda kingine cha Ujerumani, Franz Anton Bustelli alifanya kazi kati ya 1754 na 1763, na miili ya sanamu zake, inayojipinda kana kwamba inacheza, kwangu mimi haijapata mpinzani. Sèvres ya Ufaransa ilipendelea kauri nyeupe isiyo na utando wa kioo wala rangi ya kufichia kasoro. Mwenye kipato cha kawaida anaweza kuanza na Lladró, kampuni ya ndugu watatu wa Hispania walioanza kazi katika miaka ya 1950.

Miaka hiyo ni silaha wakati wa kununua. Sheria ya Marekani ya mwaka 1890 ilidai bidhaa za kigeni ziandikwe nchi zilikotoka, hivyo sanamu yenye jina la nchi kwa Kiingereza haiwezi kuwa ya karne ya 18, hata muuzaji aape.

Kisha pima urefu. Kauri ngumu, mchanganyiko wa udongo mweupe uitwao kaolini na mawe ya feldispa na kwatzi, huchomwa kwenye joto la karibu nyuzi 1400 za Selsiasi, na hunywea takriban sehemu moja ya sita inapokaushwa na kuchomwa. Anayetengeneza kalibu kutokana na sanamu iliyokwisha kuchomwa hupata nakala iliyo ndogo kuliko ya asili, yenye nyuso na mikunjo ya nguo iliyofifia. Linganisha vipimo na vile vilivyochapishwa na majumba ya makumbusho au katika katalogi za minada.

Chunguza pia vidole, shingo, maua na ncha za kofia, kwa kuwa sehemu hizo huundwa peke yake na kugandishwa kwa udongo uliolainishwa kwa maji kabla ya kuchomwa, na ndizo huvunjika kwanza. Mulika kwa taa ya mionzi ya urujuanimno gizani: gundi na rangi za marekebisho mara nyingi hung'aa tofauti na kauri inayozizunguka. Binafsi ningechukua sanamu iliyopungukiwa kidole kuliko ile iliyopakwa rangi upya kwa siri. Mkwaruzo uliokatwa kwa makusudi juu ya panga za Meissen huashiria kuwa kiwanda chenyewe kiliishusha daraja, basi bei nayo ishuke.

Ukishainunua, ishike kwa kitako kwa mikono miwili, kamwe usiishike kwa mkono wa sanamu wala kichwa chake, na uifute vumbi kwa brashi laini. Iliyowahi kurekebishwa isiloweshwe majini. Hifadhi risiti pamoja na picha za pande zote, za chapa na za kila kasoro, ukiandika urefu na jina la aliyekuwa nayo kabla yako, kwa sababu mnunuzi wa baadaye atauliza hayo kabla hajauliza bei.