Kuangusha mvinje shambani bila kuumia

Kwenye mashamba ya Mwakirunge na Mtongwe, huku Mombasa, mivinje hupandwa kwa kubanana ili itoe boriti zilizonyooka. Kubanana huko ndiko kunakoifanya kazi ya kuikata iwe ya hatari: mti ukianguka vibaya hunasa kwa jirani yake, na mti ulionasa huua. Maelezo haya ni ya mwenye shamba na fundi wake wa pawa, ule msumeno wa injini.

Anza alfajiri mara tu kunapopambazuka, kabla jua halijawa kali na upepo wa bahari haujashika nguvu. Msimu wa kusi ukiona vilele vinayumba, ahirisha. Tazama juu: tawi kavu lililokwama hudondoka mnyororo unapotikisa shina. Kisha tazama chini. Majani ya mvinje yaliyokauka huteleza na hushika moto upesi, kwa hiyo yafagie kuzunguka shina, na petroli itie penye udongo mtupu, injini ikiwa imepoa. Sogea mita 3 kutoka hapo ndipo uwashe. Fagia pia uone mawe ya matumbawe; mnyororo ukiyagusa hupoteza makali papo hapo, na mnyororo butu humfanya mtu alazimishe mashine.

Vaa kofia ngumu yenye kinga ya uso na masikio, buti za chuma mbele na suruali maalumu ya pawa. Jinzi haitoshi. Suruali ile ina nyuzi ndefu ndani ambazo hujisokota kwenye mnyororo na kuusimamisha.

Wasiohusika wakae umbali wa mara mbili ya urefu wa mti. Kwa mvinje wa mita 15, ni mita 30, watoto na mbuzi wakiwemo. Safisha njia mbili za kukimbilia, zote zikielekea nyuma kwa mshazari, kulia na kushoto. Usikimbilie nyuma moja kwa moja, kwa sababu kitako cha mti huweza kuruka huko.

Sasa kukata, na hapa usiharakishe. Tuchukue shina la sentimita 30. Upande unakotaka mti uangukie, kata mdomo wa kina cha sentimita 6 hadi 7: kwanza mkato wa juu wa mshazari, kisha wa chini uliolala, na mikato hiyo ikutane sawasawa bila mmoja kupita mwingine. Ndipo uende nyuma, ukate mkato uliolala, sentimita 3 juu ya sakafu ya mdomo. Usiufikishe hadi mdomoni. Bakisha ukanda wa mbao wa sentimita 3, wenye upana uleule kutoka ukingo hadi ukingo. Ukanda huo ni bawaba, na ndio unaouongoza mti. Ukiukata wote, mti huamua wenyewe pa kwenda. Ukiubakisha mnene upande mmoja, mti huvutwa upande huo.

Mkato wa nyuma ukishapata nafasi, gonga kabari ya plastiki au mti mgumu. Kabari ya chuma ikiguswa na mnyororo ni balaa. Kwa boriti nyembamba kabari haipati nafasi. Mwenzako asukume kwa mti mrefu wenye panda, akisimama nyuma kwa pembeni. Mti ukianza kuinama, zima, ondoka, macho juu.

Usikate kwa ncha ya juu ya upanga wa pawa, lile bamba linalobeba mnyororo, maana hapo ndipo mashine hupiga teke kuelekea uso. Shina lililoinama sana pia muachie fundi mzoefu: mvinje ni mti mgumu, na ukikatwa kutoka nyuma kwa njia ya kawaida huweza kupasuka kwa urefu na kumpiga mkataji kifuani.

Mti ukinasa, usipite chini yake, usiupande, na usikate ule ulioushikilia. Funga kamba kwenye kitako, uvute nyuma kutoka mbali. Ukigoma, zungushia alama ya hatari, utafute trekta. Karibu na nyaya za umeme usikate kabisa kabla hujawaita Kenya Power.

Mnazi mzee una mambo yake. Angua nazi na makuti makavu kwanza. Mbao yake ni ngumu nje na laini katikati, hivyo bawaba yake si ya kutegemea. Tumia kamba iliyofungwa juu. Gogo usiliache lioze, maana chonga, mdudu anayetoboa minazi, huzaliana humo na kurudi kwenye minazi hai.

Mtu akikatwa, gandamiza kidonda kwa kitambaa safi bila kuachia. Damu ya mguu au mkono ikizidi kuruka, funga kwa nguvu sentimita 5 hadi 7 juu ya kidonda, si kwenye kiungo, na uandike saa. Piga 999 au 112, na mtu mmoja asimame barabarani kuongoza gari hadi shambani.