Somo: Kwenda na kurudi Mgeta kwa siku moja ukitokea Morogoro mjini

Wakuu, habari za jioni.

Tangu niweke zile picha za matuta ya Nyandira, swali ni lile lile kila siku: "Mkuu, Mgeta naendaje, na narudi siku hiyo hiyo?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka majibu yamekuwa mafupi, na jibu fupi kwa safari hii linampoteza mtu. Nimeona niandike yote hapa, atakayeuliza nimwelekeze kwenye hili somo.

Kwa asiyepajua: Mgeta ni tarafa ya wilaya ya Mvomero, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru. Mjini Morogoro unaacha joto kwenye mita kama 500 juu ya usawa wa bahari, kijijini Nyandira, huko Mgeta, unafika zaidi ya mita 1,500, na kote katikati ni mabonde yaliyolimwa kuanzia mtoni hadi mgongoni mwa mlima. Kabichi, karoti, njegere, viazi mviringo, na kwenye msimu wake plamsi na pichesi. Sijaona bonde lililolimwa kwa uangalifu kama lile.

Kabla ya hatua, shikeni hili moja: safari ya Mgeta inapangwa kuanzia mwisho. Kwanza ujue utashuka na gari gani na saa ngapi, ndipo upange kupanda.

Hatua ya 1: Chagua siku. Masika, yaani Machi mpaka Mei, acha. Juni hadi Septemba njia ni kavu, ila Juni na Julai kuna baridi kali. Desemba na Januari ndiyo plamsi, na mvua inaweza kukukuta.

Hatua ya 2: Amka. Saa kumi na mbili asubuhi uwe umeshapanda daladala ya Mzumbe. Ni barabara ya Iringa, lami, kama kilomita 20.

Hatua ya 3: Njia panda ya Mzumbe. Shuka, uliza gari la kupanda Mgeta. Hayana ratiba, yanaondoka yakijaa. Ukiweza, kaa upande wa dirisha la bondeni. Mwenye kizunguzungu cha gari anywe dawa hapa, kwenye kona ameshachelewa.

Hatua ya 4: Chagua sehemu moja tu. Ama Nyandira kwa ajili ya matuta na soko, ama Bunduki kwa ajili ya maporomoko ya Hululu. Anayetaka zote mbili kwa siku moja, bila gari lake mwenyewe, ataishia kuona viti vya gari. Kwa mara ya kwanza nenda Nyandira. Tembea na njia za mashambani, salimia kila unayemkuta, na ukitaka kupita katikati ya shamba la mtu omba. Utapewa njia, na mara nyingi utapewa na mtoto wa kukusindikiza.

Hatua ya 5: Kurudi. Hapa ndipo nilipokosea mimi, kwa hiyo someni taratibu.

Nilikwenda na mdogo wangu wa kike na mwanawe wa miaka sita, siku ya gulio. Asubuhi magari yalikuwa mengi mpaka yanagombea abiria, nikasema moyoni kwamba jioni hakuna shida. Tukateremka mpaka mtoni, tukakaa, mtoto akacheza na maji. Tulipopanda tena barabarani ilikuwa saa kumi kasoro. Gari la kwanza likapita limejaa. La pili likasimama, konda akashuka, nikadhani anatufungulia mlango. Alikuwa anafunga tenga la karoti nyuma kwa vipande vya mpira wa tairi, anavuta kwa mguu, anafunga tena. Ndani kulikuwa na matenga mengine mawili kwenye kiti cha abiria. Akaniambia, "Kaka, mzigo umelipia tangu asubuhi." La tatu halikuja. Saa kumi na moja ukungu ukashuka, hatuoni hata nyumba ya ng'ambo ya barabara, kisha mvua. Mtoto alikuwa na kaptura na fulana. Mama mmoja aliyekuwa anauza njegere kwa sado akatuambia tumfuate. Tulilala kwake, watatu kitanda kimoja, yeye na binti yake wakalala jikoni penye moto. Alikataa hela asubuhi. Mpaka leo nikipanda huko napita kwake na sukari na mafuta ya kula, na bado naona sijamlipa.

Kwa hiyo:

– Siku ya gulio magari ni mengi, lakini kushuka ni ya mazao kwanza, watu baadaye. Siku isiyo ya gulio magari ni machache, ila nafasi ya mtu ipo. Ukishapanda asubuhi, muulize konda wa gari lako kama leo ni gulio.

– Ongea na konda huyo huyo kabla hujashuka. Atakuambia anashuka saa ngapi. Mwombe nafasi, mpe nauli ya kurudi nusu mkononi, chukua namba yake. Nafasi isiyolipiwa siyo nafasi.

– Saa nane mchana uwe barabarani umesimama. Siyo "naanza kupanda kutoka mtoni". Umesimama.

– Sweta na koti la mvua kwa kila mtu, hata kama Morogoro mjini jua linachoma.

– Usipande bodaboda kushuka mlima kwenye mvua au ukungu ati kwa sababu magari yamekwisha. Afadhali ulale. Tembea na hela ya kulala hata kama hutalala.

Hatua ya 6: Chakula. Mama ntilie wapo sokoni; nenda kabla ya saa saba, baadaye wamemaliza.

Hatua ya 7: Wenye gari. Jaza mafuta mjini. Kupanda siyo kazi, kazi ni kushuka. Gia uliyopandia kona ndiyo utakayoshukia, na breki ni ya kugusa na kuachia. Ukisikia harufu ya kuungua, tafuta pa kuegesha panapoonekana, simama mpaka zipoe, wala usizimwagie maji. Piga honi kila kona, maana Fuso zilizojaa kabichi zinahitaji barabara nzima.

Haya, maswali.

---

Kijana wa Kihonda: Mkuu somo zuri. Jumla ni shilingi ngapi kwenda na kurudi?

Mwandishi: Nauli sijaandika kwa makusudi. Zinapanda na mafuta, na huko juu zinabadilika kwa mvua. Uliza pale njia panda abiria wawili watatu kabla ya kumuuliza konda.

Kijana wa Kihonda: Sawa lakini kwa makadirio tu, elfu kumi inatosha?

Mwandishi: Siweki namba hapa. Mtu atakuja nayo miezi minane baadaye agombane na konda. Beba ya nauli, chakula, na kulala usiku mmoja.

Bibi Harusi 2: Kaka, IST inafika?

Mwandishi: Kiangazi nimeziona IST Nyandira. Mvua ikinyesha nimeziona zimesimama katikati ya tope na watu wanasukuma. Dada, kama dereva hajawahi kushuka mlima mrefu, asijifunzie huko na familia ndani.

Mzee wa Tambaza: Naomba kuuliza, magari ya kurudi yanakuwepo mpaka saa ngapi?

Mwandishi: Hatua ya 5.

Mzee wa Tambaza: Nimeisoma, hujataja gari la mwisho.

Mwandishi: Kwa sababu hakuna "gari la mwisho" linalojulikana, mzee wangu. Likijaa limeondoka, na dereva anayekaa huko juu halazimiki kushuka tena. Ndiyo maana nikasema saa nane.

Ngongoti: Wewe unatisha watu bure. Mimi nimerudi saa kumi na moja na nikapata gari freshi kabisa. Mgeta siyo porini.

Mwandishi: Sikusema ni porini. Ulipata, vizuri. Mimi sikupata, na nilikuwa na mtoto wa miaka sita aliyelowa. Naandika kwa ajili ya anayekwenda mara ya kwanza, hana namba ya konda hata mmoja na hana ndugu huko. Wewe uliyezoea, rudi saa unayotaka.

Ngongoti: Kama na mtoto, kweli. Hilo nimekuelewa.

Mwanafunzi Mazimbu: Kaka shikamoo. Samahani, swali langu siyo la usafiri. Yale matuta kama ngazi kwenye picha zako ni ya zamani? Nani aliyaanzisha? Nilisoma kwamba Waluguru walikataa matuta.

Mwandishi: Marahaba mdogo wangu. Yote mawili ni kweli. Serikali ya kikoloni ilitaka matuta ya ngazi Uluguru nzima kwa lazima, ili kuzuia mmomonyoko. Watu walilazimishwa kuchimba kwa siku za kazi, na kwa mahindi na mpunga wa mlimani hawakuona faida, kwani udongo mzuri wa juu unafukiwa na ule usio na rutuba unabaki juu. Mwaka 1955, TANU ikiwa na mwaka mmoja tu tangu izaliwe, ikawa vurugu upande wa mashariki, kule Matombo, na mpango ukaachwa. Mgeta hali ilikuwa tofauti kwa sababu walishaanza kulima mboga za kuuza, na mboga zinataka kumwagiliwa. Tuta la ngazi linashika maji ya mfereji, na mbolea haisombwi. Mtu alipoona kabichi inalipa, alichimba bila kusukumwa. Ukifika, simama karibu na ukingo wa tuta uangalie: kuna majani yameachwa makusudi yashike udongo, na mfereji mwembamba kama kiganja unapita juu yake. Mkulima anaufungua kwa jembe, donge moja la udongo, maji yanageuka. Muulize yeyote akuonyeshe, wanafurahi ukiuliza hivyo.

Mwanafunzi Mazimbu: Asante sana kaka. Na hayo maji yanaishia wapi?

Mwandishi: Mto Mgeta unaingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayopeleka maji ya bomba Dar es Salaam. Kwa hiyo ule msitu unaouona juu kabisa, mweusi, wenye ukungu, ndiyo tangi la jiji. Ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, iko chini ya TFS, wakala wa serikali wa misitu. Kuingia humo unahitaji kibali na mwenyeji wa kukuongoza, na uwanda wa Lukwangule siyo wa siku moja. Usichanganye na safari hii.

Mama Junior wa Tabata: Mimi niko Dar. Kwa SGR naweza kwenda Mgeta na kurudi Dar siku hiyo hiyo?

Mwandishi: Dada, treni yenyewe inachukua muda wa kama saa mbili tu, kwa hiyo watu wanadhani inawezekana. Lakini stesheni ya Morogoro iko nje ya mji, mpaka ufike Mzumbe na gari la kupanda lijae, saa nne au tano imeshafika. Ukifika juu unageuka. Fanya hivi: njoo Ijumaa jioni, lala Morogoro, Jumamosi panda mapema, shuka saa nane, treni ya jioni kabisa au ya Jumapili urudi nayo. Tiketi kata mapema na uje na kitambulisho. Kama una siku moja tu na huwezi kulala, achana na Mgeta, panda Morningside kwa miguu kutokea mjini. Utaona mji wote chini yako na hutegemei gari la mtu. Ukikwama kwenye mipango niandikie, nitakusaidia kupanga saa.

Mama Junior wa Tabata: Mungu akubariki. Ijumaa inanifaa.

Mluguru wa Langali: Mimi ni mwenyeji. Nyongeza: msipige watu picha shambani bila kuomba, hasa kina mama. Pia wenye watoto waulizieni maziwa ya mbuzi. Wale mbuzi wa Norway walioletwa na SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, mwishoni mwa miaka ya 1980, uzao wao bado upo kwenye nyumba nyingi.

Mwandishi: Asante sana mkuu. Hilo la picha nilipaswa kuliandika kwenye hatua ya 4. Maziwa nimekunywa, ni mazito, chemsha kwanza.

Kijana wa Kihonda: Plamsi nikinunua tenga zima zinafika mjini salama?

Mwandishi: Za kuiva, hapana. Zinapondeka na kona, za chini zinageuka uji. Chagua ngumu zilizoanza tu kuwa nyekundu.

Mluguru wa Langali: Na usinunue tenga. Nunua sado mbili, weka kwenye ndoo, katikati tandika majani makavu ya mgomba, shika ndoo mapajani mwenyewe. Ukiiweka nyuma ya gari, konda ataweka kabichi juu yake.

Kijana wa Kihonda: Ndoo natoka nayo mjini?

Mluguru wa Langali: Toka nayo. Yenye mfuniko.