Diski ya zamani haisomi kwenye adapta? Anza na moto

Umeunganisha diski ya zamani ya kompyuta (hard disk) kwa adapta, yaani kifaa cha kuichomeka kwenye USB, na haisomi? Kabla hujaitupa, cheki kwanza moto. Nyingine zinazoitwa mbovu ni nzima kabisa, zinakosa tu umeme wa kutosha.

Ile kubwa ya kompyuta ya mezani (inchi 3.5) inataka volti 12 pamoja na volti 5, na tundu la kawaida la USB linatoa volti 5 tu, kwa hiyo hata ukinunua adapta nzuri namna gani, kama haina chaja yake ya ukutani hapo unajisumbua bure. Ndogo ya laptop (inchi 2.5) inatumia volti 5 ila ikianza kuzunguka inaweza kuvuta karibu ampea 1, wakati USB 2.0 inatoa nusu ampea na 3.0 inatoa 0.9. Ukisikia inajaribu kuwaka, inalia tik, inazima, inarudia, hamishia USB ya nyuma ya kompyuta au tafuta kebo yenye vichwa viwili vya USB.

Sasa angalia mdomo wake. Aina ya SATA ina vijimdomo viwili bapa vyenye umbo la L, hiyo haina shida, chomeka tu. Wasumbufu ni aina ya IDE, zile za pini 40, maana zina kale kaplastiki kadogo kanaitwa jampa, kanakopanga diski iwe Master (ya kwanza) au Slave (ya pili). Mimi nilihangaika wiki nzima na ya GB 80, nikabadilisha kebo, nikabadilisha kompyuta, kumbe jampa iko Slave! Soma mchoro kwenye lebo uweke Master, na kama lebo ina Single, fuata hiyo.

IDE ya laptop ina pini 44, halafu pembeni kuna nne za jampa, usije ukasogeza adapta ikazivaa hizo. Na plagi ya moto ya pini nne kubwa ina kona mbili zilizokatwa, ikikataa usilazimishe, ukiigeuza volti 12 zinaingia njia ya volti 5 na bodi inaungua hapohapo.

Washa moto wa diski kwanza, isubiri izunguke, ndo uchomeke USB.

Windows ikikwambia ufomati, KATAA. Bonyeza Windows na R, andika diskmgmt.msc ufungue orodha ya diski, kama inaonekana ila haina herufi (kama D: au E:), raiti kliki uipe herufi. Ikiomba Initialize (kuiandaa kama diski mpya) na bado unataka mafaili yako, usikubali. Inawezekana pia ilitumika kwenye Linux au Mac, Windows haisomi mafomati yao yenyewe, jaribu kwenye mashine ya aina hiyo.

Ikisoma, usianze kufungua picha mojamoja ukikumbuka ya kale, kopi kwanza yale ya muhimu. Ila ikigonga ka-ka-ka mfululizo zima, hiyo sasa mara nyingi ni kichwa cha kusomea cha ndani na adapta haihusiki tena.