Mtumiaji aseme alichoona, mengine iseme simu

Muuza samaki wa mwalo wa Deep Sea, Tanga, programu ya simu ikimgomea husema: "imeganda", "inazunguka tu", au "imenitupa nje". Hayo ni maelezo mazuri sana. Fundi anasikia mambo matatu tofauti: skrini isiyoitikia kidole, ombi lililokwama njiani, na programu iliyojifunga yenyewe. Basi ukitengeneza fomu ya kuripoti tatizo ndani ya programu, maneno hayo hayo yawe vitufe vyake, na cha nne kiwe "hesabu si sahihi". Ukimwandikia "chagua aina ya hitilafu", anaifunga na kurudi kwenye ndoo zake.

Kitufe cha "Ripoti tatizo" kikae kila skrini, mahali pale pale. Usitumie njia ya kutikisa simu ili fomu ifunguke. Simu iliyo mfukoni mwa dereva wa bodaboda itakuletea ripoti hewa kutwa nzima.

Swali la kujibu liwe moja: "Ulitaka kufanya nini?" Weka na kitufe cha kurekodi sauti, sekunde 30 zinatosha. Mikono yenye magamba haiandiki.

Mengine yakusanywe na simu: toleo la programu, toleo la Android, aina ya simu, nafasi iliyobaki, skrini aliyokuwapo. Na saa, hiyo usimwulize kabisa. Akiandika "saa tatu usiku" ni 21:00. Anayepekua kumbukumbu za seva, kompyuta inayohudumia programu, kwenye 3:00 hakuti kitu. Tena seva nyingi huandika saa za UTC, yaani saa za kimataifa, zilizo nyuma yetu kwa saa 3, kwa hiyo tukio lenyewe liko kwenye 18:00.

Picha ya skrini ipigwe kabla fomu haijafunguka, la sivyo utapokea picha ya fomu. Ipunguze hadi upana wa pikseli 720 na uihifadhi kwa JPEG, isimlie bando. Funika PIN, salio na namba za simu, kisha mwonyeshe picha, na akitaka aiondoe.

Mtandao ukikatika, ripoti ibaki kwenye simu na ijitume baadaye. Mwandikie: "Imehifadhiwa, itaondoka mtandao ukirudi." Ikifika, mpe namba fupi. Tatizo likiisha, mrudie kwa namba hiyo: "Tatizo 214 limetengenezwa, sasisha programu." Asiyejibiwa hachoki kulalamika kwa jirani, ila kwako harudi.

Kabla ya kuitoa fomu hiyo kwa watu, mpe muuzaji simu pale pale mwaloni, jua likipiga kwenye kioo, na usimwelekeze. Ripoti ikimchukua zaidi ya dakika moja, punguza kitu.