Kukunja data ya eksirei: namna ya kuiona Cen X-3 ikipatwa, ukiwa Malindi na Excel tu

Eksirei za angani haziwezi kupenya angahewa mpaka zitufikie. Kwa hiyo tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni. Ndiyo ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa eksirei, na ndiyo iliyoonyesha kwamba Cen X-3 hupiga mapigo kila sekunde 4.8, kisha huzimika karibu nusu siku katika kila siku 2.087. Ni nyota ya nyutroni, yaani kiini kidogo kizito mno cha nyota iliyolipuka, inayopita nyuma ya mwenzake, jitu la nyota. Huko kuzimika unaweza kukuona mwenyewe.

Hatua ya 1. Ingia tovuti ya MAXI, darubini ya Wajapani iliyo kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga. Tafuta Cen X-3, shusha faili ya mzunguko mmoja mmoja wa kituo kuizunguka Dunia. Ya wastani wa siku iache, itameza nusu ya unachokitafuta.

Hatua ya 2. Ifungue kwenye Excel. Safu A ni siku, zimehesabiwa mfululizo bila miezi. B ni fotoni. C ni kiasi cha shaka. Chagua miezi mitatu ambayo nyota inang'aa, maana hii huwa na vipindi vya kufifia. Futa mistari ambayo C imezidi sana kawaida. Lakini namba hasi za safu B usiziguse! Mara ya kwanza nilizifuta zote, nikidhani ni makosa ya mashine. Kiwango cha chini wakati wa kupatwa kikapanda, nikakaa siku mbili natafuta maelezo. Hasi hutokea mwanga wa nyuma ukishatolewa na kilichobaki ni kidogo mno.

Hatua ya 3. Sasa kukunja, na hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Chukua jora la leso ambalo halijakatwa. Ukilikunja kwa urefu sawasawa wa leso moja, pindo hulalia pindo na mji hulalia mji. Ukikosea shibiri moja, kila kitu kinavurugika. Data ni hivyo hivyo. Kwenye safu tupu, tuseme J, andika:

=MOD(A2/2.087,1)

Ivute mpaka chini. Kila kipimo kitapata nafasi yake kati ya 0 na 1.

Hatua ya 4. Chora chati ya nukta, J chini, B kando. Utaona bonde pana, kama robo ya mzunguko wa nyota hivi; huko ndiko kupatwa. Usipoliona, gawa J mafungu 20 uchukue wastani wa kila fungu.

Hatua ya 5. Jipime: badilisha 2.087 uweke 2.15, yaani kunja kwa urefu usio sahihi, bonde lipotee. Bonde likibaki, umekosea mahali.

Mapigo ya sekunde 4.8 huyapati humu; yanataka faili za NuSTAR, darubini ya eksirei ya NASA iliyo angani. Data zake hushukia kwenye dishi la hapa hapa Malindi, zinasafiri hadi Marekani, kisha mimi nazishusha tena kwa bando la simu.