Somo: Kumvalisha mtoto helmeti kabla hajapanda farasi

Wazazi wenzangu, kila sikukuu naliona jambo lile lile kwenye bustani za Nairobi. Mtoto wa miaka sita anainuliwa juu ya farasi, helmeti imemlalia kisogoni, mikanda inaning'inia, mzazi anapiga picha. Ukimsemesha anakujibu, "Huyu farasi mpole." Sibishi, ila farasi mpole naye hujikwaa. Mwaka 2010, Courtney King-Dye, Mmarekani aliyeshindana Olimpiki ya Beijing, alikuwa mazoezini Florida farasi akajikwaa kwa miguu yake mwenyewe, wakaanguka. Hakuwa na helmeti. Alivunjika fuvu na kukaa wiki kadhaa katika koma. Huyo alikuwa bingwa. Mtoto wako amepanda leo mara ya kwanza.

Hatua ya 1. Igeuze helmeti usome lebo ya ndani. Tafuta ASTM F1163 au PAS 015. Hizo ni alama za helmeti zilizopimwa kwa ajili ya wapanda farasi. Tazama pia mwaka wa kutengenezwa. Ikishapita miaka 5, au ukiona ufa, irudishe.

Hatua ya 2. Nywele. Mafundo na shanga utosini huinyanyua helmeti. Mistari iliyolala ni sawa, na mkia ufungwe chini kabisa, shingoni.

Hatua ya 3. Hapa ndipo wengi hukosea, basi usiharakishe. Ivishe kutokea mbele kwenda nyuma. Ukingo wa mbele ukae sawasawa, upana wa vidole viwili juu ya nyusi. Kabla hujafunga mkanda wowote, ishike helmeti uizungushe polepole kulia na kushoto, huku ukitazama paji la uso la mtoto. Ngozi ikisogea pamoja na helmeti, imemkaa. Helmeti ikizunguka ngozi imetulia, ni kubwa, na usikubali kuambiwa "kaza tu mkanda". Mkanda hauwezi kuipunguza. Kisha mwinamishe mtoto ajitazame vidole vya miguu: isimteleze. Mwisho muulize kama inamfinya mahali, kwa sababu inayouma ataifungua ukigeuka tu.

Hatua ya 4. Mikanda ikutane chini kidogo ya sikio, na ule wa kidevuni uache nafasi ya kidole kimoja. Mwambie apige mwayo mkubwa. Utosi wa helmeti uvutwe chini.

Hatua ya 5. Afungwe helmeti kabla hajamkaribia farasi, na asiivue mpaka ameshaondoka karibu naye. Ukwato humpata hata aliyesimama chini. Viatu viwe vya kufunika mguu, vyenye kisigino kidogo, ili mguu usipenye kwenye kikuku, ile pete ya chuma ya kukanyagia. Saisi, yule mtunza farasi, ashike kamba ya kuongozea mwanzo hadi mwisho, na mtoto asiizungushe kamba wala hatamu mkononi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, ya baiskeli tunayo nyumbani. Haitoshi?
Haitoshi. Haishuki vya kutosha kufunika kisogo, wala haikupimwa kwa kuanguka kutoka juu ya mnyama mwenye kilo 500. Ya bodaboda nayo ni nzito mno kwa shingo ya mtoto.

Nimeona helmeti ya farasi kwenye mitumba ya soko la Gikomba, haina hata mkwaruzo. Ninunue?
Usinunue, ndugu yangu. Chini ya gamba kuna povu gumu, mfano wa lile jeupe linalofungiwa televisheni mpya. Kazi yake ni kupondeka badala ya kichwa, na likishapondeka halirudi. Kwa nje huwezi kujua kama aliyeivaa aliwahi kuanguka nayo.

Binti yangu wa miaka tisa anavaa hijabu. Avue?
Asivue, dada. Mtafutie ya pamba nyepesi inayobana kichwa, bila pini wala fundo, na ncha zake ziingizwe ndani ya nguo. Helmeti ijaribiwe akiwa ameivaa hiyo hiyo hijabu.

Sisi wa Mombasa watoto wetu hupanda ngamia ufuoni. Somo hili linatuhusu?
Linawahusu sana. Ngamia huinua miguu ya nyuma kwanza, aliyepanda akatupwa mbele. Helmeti ifungwe ngamia akiwa bado amepiga magoti, mtoto ashikilie tandiko kwa mikono miwili na kuegemea nyuma.

Mwanangu alianguka jana, helmeti ikagonga ukuta. Hana jeraha. Apande tena leo?
Pole sana, mama. Asipande. Helmeti hiyo imemaliza kazi, isivaliwe tena. Mtoto mwangalie: akitapika, akilalamika kichwa kinazidi kuuma, akisinzia isivyo kawaida au akichanganya maneno, mkimbize hospitali hata kama ni usiku. Akiwa sawa, bado daktari amwone kabla ya kurudi kwenye tandiko. Shuleni mjulishe mwalimu wake, maana dalili nyingine hujitokeza darasani: mtoto anasoma mstari mmoja mara tatu na haumwingii.