Jinsi ya kuifikisha filamu yako kwa mtazamaji wake: mwongozo kwa maprodyuza wadogo wa Bongo

Naandika hii kwa ajili ya prodyuza ambaye hana kampuni kubwa nyuma yake, ana filamu moja au mbili, hela ya matangazo ni ya kuungaunga na kila siku wasanii wake wanamuuliza itatoka lini, itaonekana wapi. Kazi yangu ndo hiyo, kuchukua filamu za watu na kuzitafutia soko, na kitu kinachoniuma ni kuona watu wanamaliza nguvu zote kwenye kushuti, halafu habari ya kusambaza wanaanza kuifikiria hela imeisha na watu wamechoka, ndo hapo unasikia kazi nzuri kabisa imeuzwa jumla kwa bei ya kutupa. Fuata hatua kwa mpangilio huu maana moja inaibeba nyingine.

Hatua ya 1: Mjue mtazamaji wako mpaka saa anayotazama

Usiniambie filamu yako ni ya watu wote, hamna filamu ya watu wote. Chukua karatasi uandike ni nani, anaishi wapi, anatazamia kwenye nini, saa ngapi, na nani analipia bando au king'amuzi.

Tuseme una stori ya mama ntilie wa Mbagala, mume kafariki, mawifi na mashemeji wanataka nyumba. Mtazamaji wa kwanza hapo ni mwanamke wa miaka 25 mpaka 45, mchana yuko kwenye biashara, simu anaishika vizuri akishalaza watoto, saa 3 usiku na kuendelea. King'amuzi kipo ila rimoti si yake. Ukishaandika hivyo tu mambo mengi yanajipanga, klipu utaipost usiku sio saa 4 asubuhi, maandishi ya posta yatakuwa makubwa yasomeke kwenye kioo kidogo cha simu, na utamtafuta kwenye magrupu ya vikoba, saluni, TikTok na Facebook, bango la Masaki halimhusu. Halafu mwandike na mtazamaji wa pili, kwa stori kama hii mara nyingi ni Mswahili aliyeko Muscat, Uingereza au Marekani, ana intaneti ya uhakika, kadi ya benki, na hamu ya kusikia watu wanavyoongea nyumbani. Huyu tutamrudia kwenye YouTube.

Na kama stori yako imetoka kwenye kitu ambacho watu wanakijua tayari, anzia hapohapo. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyooneshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto mwaka 2021, imetokana na riwaya ya Adam Shafi ambayo wanafunzi wengi wa kidato cha tano na sita waliisoma darasani, yaani kabla ya posta ya kwanza kutoka kuna watu wanawajua wahusika wake, Yasmini na Denge, kwa majina. Filamu ya namna hiyo unaipeleka kwa walimu wa Kiswahili na kwenye magrupu ya waliosoma pamoja, hao watakutangazia bure.

Hatua ya 2: Karatasi kwanza

Hii haina utamu ila bila hiyo hakuna TV itakayokugusa. Mikataba ya waigizaji wote, ya mwandishi, ya muziki. Ukiweka wimbo wa Bongo Fleva bila kibali cha maandishi, kituo kitakurudishia filamu, na YouTube mwenye wimbo anaweza kudai mapato ya video nzima. Filamu inatakiwa ipite Bodi ya Filamu ikaguliwe na kupangiwa daraja la umri kabla ya kuoneshwa hadharani, hiyo ni Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na ukienda Kenya kuna bodi yao pia. Kaisajili na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, siku mtu akiiweka kwenye chaneli yake uwe na cha kushika mkononi.

Hatua ya 3: Ioneshe kwa watu wasiokujua kabla hujafunga editi

Ongea na mwenye kibanda cha video mtaa ambao hamna anayekufahamu, mlipie muda wake, weka filamu. Wewe kaa pembeni na usitazame skrini, tazama watu. Shika daftari, kila ukiona simu zinaanza kuwaka andika dakika, hapo pamepoa na panataka kukatwa. Na pale watu wanapoanza kuongea na skrini, "we dada toka hapo!", "mwambie ukweli huyo!", andika dakika kwa kalamu nyekundu maana hiyo ndo treila yako, mtaa umeshakuchagulia. Usiwaulize kama imewapendeza, watakwambia nzuri kwa heshima tu, waulize wamsimulie jirani filamu inahusu nini. Sentensi wanayoitumia wao nenda kaiandike kwenye posta kama ilivyo, mara nyingi ni bora kuliko ya kwako.

Hatua ya 4: Treila, posta, klipu

Treila isizidi dakika mbili na isianze na nembo ya kampuni inayozunguka, mtu ameshapita. Anza na uso wa mtu mwenye shida. Klipu za simu zitoe kwa wima, na kata pale swali limeulizwa na jibu halijatoka, wifi kaweka hati ya nyumba mezani, mama kainua macho, basi, ishia hapo. Tengeneza klipu tatu tofauti, kila moja iboosti, yaani lipia mtandao uisambaze, kwa hela kidogo kwa watu uliowaandika hatua ya 1, mji wao, umri wao, halafu baada ya siku chache angalia ipi wanaitazama mpaka mwisho, hela iliyobaki yote iweke kwenye hiyo. Malipo ya kuboosti yanapita hata kwa kadi ya mtandaoni unayoitengeneza kupitia pesa za simu.

Tarehe nayo ni tangazo. Mwisho wa mwezi watu wana mshahara, Januari hela yote imeenda kwenye ada. Idd na Krismasi familia ziko pamoja. Siku ya Simba na Yanga usizindue chochote.

Hatua ya 5: Achia kwa awamu

Hapa ndo pesa nyingi inapopotea. Kila anayenunua filamu analipia upya wake, ukiiweka YouTube leo, kesho ukiipeleka TV wataiita ya zamani na bei inashuka au hawaitaki kabisa. Kwa hiyo unatoka kwenye mlango wa bei kubwa kwenda wa bei ndogo, matamasha na ukumbi wa sinema, halafu TV ya kulipia na majukwaa ya mtandaoni, halafu YouTube.

Matamasha, ZIFF, tamasha la kimataifa la filamu pale Zanzibar, ipo tangu miaka ya 1990 na wanunuzi wanafika, ukikaa Ngome Kongwe na kadi zako za mawasiliano unakutana na watu ambao kwa barua pepe wasingekujibu. Ukumbi wa sinema kama Century Cinemax Mlimani City hawachukui faili lako la kawaida, wanataka DCP, faili maalumu la kuoneshea kwenye kumbi za sinema, ambayo unaweza kuitengeneza mwenyewe kwa programu ya bure inaitwa DCP-o-matic, ila nenda ukaijaribu kwenye ukumbi wenyewe kabla ya siku yenyewe, sauti inaweza kukushangaza. Mazungumzo ya mgawanyo wa viingilio mara nyingi yanaanzia nusu kwa nusu. Kwa filamu ndogo mimi napendelea kulipia onesho moja zima na kuuza tiketi mwenyewe kwa watu wa kundi lako, wauguzi, wanakwaya, wanachuo, ukumbi unajaa na picha za ukumbi uliojaa ndo unazompelekea mtu wa TV.

Hatua ya 6: Soma mkataba mstari kwa mstari

Enzi za wasambazaji wa CD wa Kariakoo prodyuza alikuwa anaacha masta, nakala mama ya filamu, anachukua chake, kaondoka, na filamu ikipendwa miaka kumi yeye haimhusu tena. CD zimekufa lakini tabia ile imebaki kwenye makaratasi. Ukikutana na sentensi kama hii, "haki zote, duniani kote, kwa njia zote zilizopo na zitakazogunduliwa, bila ukomo wa muda", weka kalamu chini. Hapo unauza filamu, wajukuu wako na YouTube yako kwa pamoja. Omba iandikwe hivi: leseni ya kurusha, Tanzania na Kenya, TV ya kulipia peke yake, miaka 2, idadi ya marudio itajwe, baada ya hapo haki zote zinarudi kwa mmiliki. Wakitaka wawe peke yao sokoni ni sawa, ila hiyo ina bei yake. Vituo kama Sinema Zetu ya Azam na Maisha Magic Bongo ya DStv vinalisha watu wetu kila siku, vinahitaji kazi, kwa hiyo usiingie kwenye meza umeinama kama unaomba msaada.

Kingine, mwambie mtu wa sauti akutolee muziki na milio peke yake bila maongezi. Siku mtu wa Kongo akitaka kuiingizia sauti za Kilingala au Kifaransa uwe nayo tayari, kuitafuta baada ya miaka miwili laptopu imeshakufa ni kilio.

Hatua ya 7: YouTube, kwa mpango

Leseni ya TV ikiisha, au kama TV hawakuchukua, njoo huku. Ili ulipwe matangazo njia ya kawaida ni kufikisha wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, kwa hiyo chaneli ianze kulishwa klipu na mahojiano ya waigizaji mapema. Mtazamaji wa Uingereza au Marekani kwa kawaida anaingiza hela kubwa kuliko wa Bongo kwa sababu matangazo ya kule ni ghali, ndo maana nilisema mwandike mapema, muwekee maandishi ya Kiingereza chini kwa ajili ya watoto wake waliozaliwa huko na mwenzi wake asiyejua Kiswahili, na shea kwenye magrupu ya jumuiya zao. Achia kwa kupanga saa, watu wakusanyike, na waigizaji wako wawepo kwenye koment kujibu.

Wale vijana wa kurusha muvi kwenye flashi mtaani watakuwa nayo usiku uleule. Kuwazuia wote huwezi, ila wanaopakia filamu nzima kwenye chaneli zao waripoti bila huruma, vyeti vyako vya hatua ya 2 ndo vinafanya kazi hapo.

Hatua ya 8: Hesabu

Fungua jedwali moja, kila hela iliyoingia, imetoka wapi, nani ana asilimia ngapi, na uwatumie wasanii wenye asilimia kila baada ya miezi mitatu hata kama hakuna kilichoingia. Halafu chukua simu, ingiza kwenye kalenda tarehe ambayo kila leseni inaisha, weka ukumbusho miezi mitatu kabla, ili siku haki zinarudi kwako uwe na mnunuzi mwingine ameshaiona na mmeshaongea bei.